Kilio Kilichoitwa Kicheko: Uhakiki wa Maandishi Juu ya Nafsi ya Mwafrika na Tiba Yake

1. Utangulizi

Tarehe 30 Januari 1962, siku 52 baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, kiasi cha kilometa 40 kutoka mjini Bukoba, walishikwa na hali ya kucheka na kulia wasiyoweza kuizuia. Hali hiyo ikawaenea wenzao. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamekwisha kushikwa. Wasichana walirudishwa makwao, nayo hali ikazidi kuenea. Katika Nshamba walishikwa watu 217 kwa muda wa miezi ya Aprili na Mei. Na mwezi wa Juni wakashikwa wasichana 48 kati ya 154 wa shule ya kati ya Rwamishenye, karibu na mji. Wenyeji waliiita endwara y'okusheka, yaani ugonjwa wa kucheka, na wengine wakaiita akajanja, yaani wazimu. Hakuna aliyekufa.

Sisi tunaotumika Kashozi na sharika nyingine za Bukoba na Muleba tumesimuliwa habari hii tangu utoto, na huko nje husimuliwa kama kichekesho. Makala haya hayakusudii kuisimulia upya. Yanakusudia kuhakiki jinsi ilivyoandikwa na matabibu, na kwanza kuhakiki kitabu mashuhuri kilichoitangulia, ambacho kilidai kueleza nafsi ya Mwafrika kwa jumla. Hoja yangu ni moja: kabla mtu hajanyimwa tiba ya nafsi, hunyimwa kwanza huzuni yake. Mwenye madaraka ya kumpima husema kwamba watu wa aina hii hawahuzuniki kama sisi. Na neno hilo likisha kuaminiwa, hakuna anayeona haja ya kuwatafutia kitanda, dawa wala daktari. Jambo hili lawahusu matabibu wa zama za ukoloni. Lakini latuhusu na sisi wachungaji, kama nitakavyoonyesha kwa aibu yangu mwenyewe.

2. Kitabu cha Carothers na hukumu yake

J. C. Carothers alikuwa tabibu wa serikali ya kikoloni nchini Kenya. Mwaka 1938 alipewa kuiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, bila kuwa amesomea tiba ya akili, naye akakaa huko hadi 1950. Hospitali hiyo, iliyoanza mwaka 1910, ilipanga wagonjwa kwa rangi: Wazungu mbali, Wahindi mbali, Waafrika mbali. Wodi za Waafrika ndizo zilizosongamana kuliko zote. Mzungu aliyeugua akili aliweza pia kusafirishwa hadi Afrika Kusini au Uingereza akatibiwe huko. Mwafrika hakuwa na njia hiyo.

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha huko Geneva kitabu chake, The African Mind in Health and Disease. Mwaka uliofuata, serikali ya Kenya ilichapisha kijitabu chake kingine, The Psychology of Mau Mau, ambamo watu waliopigania ardhi yao walielezwa kana kwamba shida yao kubwa ilikuwa katika nafsi zao. Nataka kusema habari za kile cha kwanza, maana ndicho kilichobeba hoja yenyewe.

Carothers asema kwamba sonona, yaani ile huzuni iliyogeuka kuwa ugonjwa, ni adimu kwa Waafrika. Asema tena kwamba hata ikionekana, haina ile hali ya mtu kujihukumu na kujiona mkosaji, kwa sababu Mwafrika huitupa lawama nje yake, kwa wachawi au mizimu. Alifika hata kumfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Ni vigumu kuisoma hoja hii leo bila hasira. Lakini mhakiki hana budi kuuliza, hasira ikisha kutulia, kosa lilikuwa wapi hasa.

Kosa la kwanza ni la hesabu. Carothers aliwatazama wale waliofikishwa hospitalini, kisha akawahukumu wale waliobaki vijijini. Na walifikishwa akina nani? Kwa kawaida ni yule aliyevunja milango, aliyekamatwa barabarani, aliyeletwa na polisi. Mama aliyeacha kula, akajifungia ndani na kulia kimya hadi alfajiri, hakumsumbua mkuu wa wilaya; kwa hiyo hakuletwa. Mlango wa hospitali ulikuwa mwembamba, halafu wachache walioupita wakafanywa ushahidi kwamba ugonjwa haukuwepo. Kwa njia hiyo upungufu wa tiba ulijizalia sababu ya kuendelea kuwepo.

Kosa la pili latuhusu sisi wanateolojia. Kusema kwamba watu fulani hawajui kujihukumu ni neno zito kuliko neno la kitabibu, kwa kuwa linahusu dhamiri. Katika miaka ile ile ambayo Carothers alikuwa Mathari, Uamsho ulikuwa umevuka kutoka Rwanda na Uganda na kuingia Buhaya. Watu walisimama mbele ya wenzao wakataja wizi wao, uzinzi wao na chuki zao, wengine wakitetemeka kwa kilio. Walirudisha mali waliyoiba. Mtu aweza kuukosoa Uamsho kwa mambo kadha wa kadha, na makanisa yetu yameukosoa. Lakini hakuna aliyeketi katika mikutano ile angeweza kuandika kwamba Mwafrika hana hisia ya hatia. Ushahidi ulikuwapo ng'ambo ya ziwa hili moja tunalochangia na Kenya, wala haukuingia katika hukumu ya kitabu kile.

3. Waliomjibu

Carothers hakukosa wa kumjibu. Daktari Mnigeria, Thomas Adeoye Lambo, aliyeanzisha huko Aro, Abeokuta, mpango wa wagonjwa kukaa vijijini pamoja na ndugu zao huku wakitibiwa hospitalini, alionyesha kwa kazi yake kwamba Mwafrika aliyeugua nafsi huugua na kupona kama binadamu wengine. Frantz Fanon, tabibu wa akili aliyefanya kazi Algeria, aliishambulia hoja ya Carothers katika kitabu chake cha 1961 ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa.

Hata hivyo, jibu lililonigusa kuliko yote ni la Margaret Field, katika kitabu chake cha 1960, Search for Security. Huyu alikwenda kukaa kwenye mahali pa ibada za jadi vijijini Ghana, akasikiliza yaliyowaleta watu huko. Akakuta wanawake wengi wenye sonona kali. Walikuja kujishitaki wenyewe kwamba ni wachawi, kwamba wamewadhuru watoto wao na jamaa zao. Basi, ile hali ya kujihukumu ambayo Carothers hakuiona ilikuwapo, tena kwa wingi wa kutisha. Ila ilisema kwa lugha ya uchawi, na ilikwenda mahali ilipotumaini kusikilizwa.

Mwaka 1979 John Orley na John Wing walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji viwili vya Uganda. Hawakungoja wagonjwa waje. Walikwenda nyumba kwa nyumba na kuuliza. Wakakuta kwamba sonona ilikuwa nyingi zaidi kwa wanawake wa vijiji vile kuliko kwa wanawake wa mtaa mmoja wa London waliolinganishwa nao. Waganda ni jirani zetu, na lugha zao na zetu ni ndugu. Kwa kuuliza tu majumbani, jambo lililosemwa kuwa adimu lilionekana kuwa la kila siku.

4. Makala ya Rankin na Philip

Sasa turudi Kashasha. Taarifa ya kitabibu juu ya tukio lile iliandikwa na A. M. Rankin na P. J. Philip, ikachapishwa mwaka 1963 katika jarida la utabibu la Afrika ya Kati. Haki yataka niseme kwanza mema yake. Waandishi hawa hawakufanana na Carothers. Walichunguza kwa makini: walipima damu na maji ya uti wa mgongo, wakatafuta virusi na sumu katika chakula, wala hawakupata kitu. Waliandika idadi na tarehe kwa uangalifu, hata leo twaweza kuzitegemea. Mwishowe walisema kwamba hapakuwa na maradhi ya mwili, bali mtikisiko wa nafsi ulioenea kwa kundi la watu walio wepesi kushikwa, na ambao pengine chanzo chake ni mila na desturi zao.

Nina maswali mawili juu ya taarifa hiyo.

La kwanza: neno kucheka limeshika nafasi ya mbele kuliko inavyostahili. Waandishi wenyewe wataja kilio, wataja fadhaa, na ukali pale mtu alipozuiwa kwa nguvu. Wataja kwamba wagonjwa walihofu kuna mtu anayewafukuza, na kwamba waliona vitu vikizunguka vichwani mwao. Msichana anayelia, anayehofu kufukuzwa, huyo hachekeshwi na kitu. Christian Hempelmann, aliyeyapitia maandishi haya upya mwaka 2007, ameonyesha kwamba kicheko kile hakikuhusu furaha wala mzaha. Lakini jina likisha kushika, watu husoma jina. Dunia ilisikia kwamba huko Bukoba watu walicheka, ikacheka nao.

La pili: waandishi wasema kwamba hakuna mtu aliyesoma au aliyestaarabika kidogo aliyeshikwa, na kwamba waalimu, Wazungu wawili na Waafrika watatu, walisalimika. Hapa kalamu imeteleza. Wasichana wa Kashasha walijua kusoma. Katika Buhaya ya 1962, msichana aliyefika shule ya bweni alikuwa miongoni mwa wachache sana. Aliachana na mama yake, akaingia katika taratibu za kengele na mistari, akibeba matumaini ya ukoo mzima, na hayo katika majuma yale ambayo nchi nzima iliambiwa kwamba sasa mambo yote yatakuwa mapya. Watu wengine walinong'ona kwamba hewa imetiwa sumu na milipuko ya mabomu ya atomiki. Je, hofu hizi hazikustahili kuulizwa? Taarifa yazitaja kwa ufupi, kisha yapita. Tunajua damu ya wasichana wale ilivyoonekana kwa wapimaji. Hatusomi walivyojieleza kwa Kihaya chao. Neno mila lilitumika kufunga mjadala mahali ambapo mazungumzo yangepasa kuanza.

Tusidhani kwamba kosa la namna hii lilizikwa pamoja na ukoloni. Mwaka 2001 ofisi ya mganga mkuu wa serikali ya Marekani, David Satcher, ilitoa taarifa nzima juu ya rangi, utamaduni na afya ya akili, ikakiri kwamba Wamarekani wa makabila madogo hupata tiba kidogo na hafifu kuliko Wazungu. Huko huko imeonekana mara kwa mara kwamba Mweusi mwenye huzuni kuu huandikiwa ugonjwa wa kichaa, wakati Mzungu mwenye dalili zilizo karibu na hizo huandikiwa sonona. Nchini Uingereza, mtu Mweusi huwekwa hospitalini kwa nguvu ya sheria ya afya ya akili zaidi ya mara 3 kuliko Mzungu. Wana wetu waliokwenda huko kusoma na kufanya kazi wako ndani ya hesabu hiyo. Ni habari ile ile ya Mathari: Mweusi huonekana anapofanya ghasia, na hupitwa anapohuzunika.

5. Na sisi je?

Kanisa letu lina urithi mwema katika jambo hili. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianza mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani, na tangu mwanzo wa karne ya 20 imewapokea wagonjwa wa akili, wakitunzwa pamoja na kupewa kazi za mikono. Serikali nayo ilikuwa na Mirembe, Dodoma, tangu miaka ya 1920, na baada ya uhuru ilijitahidi kuipeleka tiba hiyo mikoani. Lakini kutoka Kashozi hadi Dodoma au Lutindi ni safari ndefu, ya gharama kubwa kwa mkulima wa migomba na kahawa. Wataalamu wa tiba ya akili ni wachache kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 60. Kwa hiyo katika vijiji vingi mtu wa kwanza kuitwa ni mchungaji, na mara nyingi ndiye wa mwisho. Sisi ndio mlango. Basi tujihakiki kama tulivyomhakiki Carothers.

Katika miaka yangu ya kwanza ya uchungaji, kwenye usharika mmoja ambao sitautaja, alikuwapo kibarua kutoka Burundi aliyelima shamba la mzee mmoja wa kanisa. Wasomaji wa Buhaya wanajua jinsi vibarua wa namna hii wanavyotajwa kwetu: twala ndizi walizozipalilia, na majina yao hatuyajui. Kijana huyo aliacha kula, akaacha kusema, akawa akilala juu ya majani makavu chini ya migomba. Niliitwa. Nilimsalimu kwa Kihaya, hakujibu. Wazee wakaniambia, “Baba mchungaji, usijisumbue, hao ndivyo walivyo.” Nikaomba sala fupi, nikarudi nyumbani.

Juma lile lile mke wa mwalimu mmoja, Mhaya mwenzetu, alishikwa na hali iliyofanana na ile: hakula, hakusema. Kwake sikusema kwamba ndivyo alivyo. Nilitafuta gari siku hiyo hiyo nikamsindikiza hospitalini, nikakaa naye hadi alipolazwa. Alipona, na hadi leo yumo katika kwaya ya akina mama. Kijana aliondoka usiku, wala hatukujua alikokwenda. Baada ya miezi kadhaa Mrundi mwenzake aliniambia kwamba alikuwa ameletewa habari ya kufiwa na mke na mtoto katika juma moja. Sikuuliza. Sikumtafuta mtu wa kunifasiria Kirundi, ingawa walikuwapo kumi katika kijiji kile.

Carothers aliandika kurasa nyingi ili kusema kwamba hao ndivyo walivyo. Mimi nililikubali neno hilo pale chini ya migomba, na nilikuwa nimevaa kola.

6. Eli na Hana

Maandiko yanaye kuhani aliyefanya kosa hili. Katika 1 Samweli 1, Hana aliomba hekaluni Shilo kwa uchungu, midomo ikicheza bila sauti. Eli, aliyekuwa ameketi penye mwimo wa mlango, alimtazama kinywa, akamdhania amelewa, akamkemea. Tuangalie kwamba Eli hakuwa mtu mwovu. Alikuwa na uzoefu. Alikwisha kuwaona walevi. Aliitafsiri dalili kwa kipimo alichokuwa nacho, kama matabibu walivyotafsiri kicheko, na kama mimi nilivyotafsiri ukimya.

Kilichogeuza mambo ni kwamba Hana alijibu, naye Eli akasikiliza. Hana alikana ulevi, akaitaja hali yake kwa maneno yake mwenyewe: yeye ni mwanamke mwenye huzuni rohoni, na anaimimina nafsi yake mbele za Bwana. Alimwomba kuhani asimhesabu kuwa mwanamke asiyefaa. Eli akaliacha neno lake la kwanza, akambariki. Mwandishi wa kitabu cha Samweli ameona vema kutuhifadhia maneno ya mwanamke huyo, wakati maneno ya wasichana wa Kashasha hatunayo katika taarifa.

Kutokana na hayo napendekeza mambo matatu kwa wachungaji na kwa wanafunzi wanaojiandaa. Kwanza, mgonjwa aulizwe kwa lugha yake, na ikiwa hatuijui, atafutwe mfasiri kabla ya sala ya pili. Mafundisho yetu ya utunzaji wa roho yaliweke jambo hili mitihanini, sawasawa na vitenzi vya Kiyunani. Pili, maombi na hospitali visishindanishwe. Mchungaji anayemsindikiza mgonjwa hadi Ndolage au Bukoba, na anayemkumbusha kumeza dawa alizopewa, yumo ndani ya huduma yake. Tatu, kila baraza la usharika lijue majina ya vibarua na wageni walio ndani ya mipaka yake, kwa kuwa asiyejulikana jina hapelekwi popote anapougua.

Askofu Josiah Kibira, mwana wa Kashozi, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni, tangu 1977 hadi 1984, aliandika kitabu juu ya kanisa na ukoo. Swali la ukoo lingali mbele yetu. Ukoo hujua kumlilia aliye wake. Kanisa liliitwa kumlilia na yule asiye wake, na kwa hilo sisi wa kizazi hiki hatujaweza kujibu vizuri. Wanafunzi watakaosoma makala haya watakutana na mtu aliyenyamaza, au anayecheka pasipo sababu, labda katika juma lao la kwanza la kazi. Nawasihi wakae naye chini, wamwulize, na wangoje jibu.